BMI Nzuri Haitoshi: Pima Kiuno

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza: "BMI yangu ni 23, kwa hiyo moyo wangu uko salama, sivyo?" Hapana, ndugu yangu: BMI ni uzito wako ukilinganishwa na urefu wako tu. Nakujibu hapa kwa sababu najua mko wengi, wembamba wa mikono na miguu, kitambi kimefichwa na shati pana.

Nilikuwa hivyo hivyo. BMI 24, kila mtu ananisifu. Nilipomweleza daktari kwamba suruali zinanibana kiunoni ilhali uzito ni uleule, alitazama mizani, akasema niko sawa, akaita mgonjwa mwingine. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Muuguzi wa kliniki nyingine ndiye aliyenizungushia futi ya kamba: sentimita 96. Presha ilikuwa imeshaanza kupanda, na mafuta kwenye damu yalikuwa juu.

BMI imetokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu, si afya ya mtu mmoja. Haijui mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye hatari. Mafuta yanayozunguka utumbo na ini huvuruga kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na kupandisha presha. Ya mapajani hayana madhara hayo. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kuwa uwiano wa kiuno na nyonga hubashiri shambulio la moyo vizuri kuliko BMI.

Basi pima! Vua shati, simama wima. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hayo mawili, isikaze. Toa pumzi kawaida ndipo usome. Usibane tumbo, unamdanganya nani? Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), hatari huongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kikizidi 102 na 88, hatari ni kubwa zaidi. Watu wa asili ya Asia Kusini huingia hatarini mapema zaidi. Njia nyepesi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Changu sasa ni 88, kwa kutembea kila jioni na kuacha vinywaji vya sukari, na najivunia. Wewe ukikuta kimezidi, usijitibu kwa futi. Nenda ukapimwe presha, sukari na lehemu (mafuta kwenye damu), na wakikutazama uzito tu, waambie wapime na kiuno.