Kwa mnaoanza kazi ya maendeleo ya jamii: wakazi wafike kabla bajeti haijafungwa

Ripoti za robo mwaka zimeanza kuingia na nimeshinda nazo tangu asubuhi. Karibu kila moja ina sentensi ileile: "Wakazi walishirikishwa kikamilifu." Chini yake kuna picha ya watu kwenye viti vya plastiki, kijana amesimama mbele na kalamu ya bango kitita, halafu kiambatisho cha karatasi za mahudhurio. Nikiwapigia simu kuuliza baada ya mkutano huo ni kitu gani kilibadilika kwenye mpango, naambiwa wakazi waliupokea mradi kwa furaha.

Wadogo zangu, nawapenda, na ninajua mnavyokimbizana na tarehe za mfadhili. Lakini haya mnayoyafanya tuliyafanya sisi kabla yenu, na waliolipa gharama si sisi. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

1. Nendeni mapema, wakati bado kuna la kuamua.

Ukiingia mtaani na andiko la mradi lililokwisha kusainiwa na mfadhili, lenye shughuli, viashiria na kila senti imepangiwa kazi, unakwenda kutoa taarifa. Kutoa taarifa ni kazi halali, ila iandike hivyohivyo kwenye ripoti. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipago 8. Vipago 2 vya chini havikuwa ushiriki kabisa. Kupewa taarifa, kuulizwa maoni na kutulizwa kwa nafasi ndogo ndogo aliviweka katikati na kusema waziwazi kuwa ni ushiriki wa jina. Wananchi wanaanza kuwa na nguvu kwenye vipago 3 vya juu tu, pale wanapoamua pamoja na mamlaka, wanapokabidhiwa maamuzi, au wanapoendesha wenyewe. Zaidi ya nusu karne imepita, na ripoti nyingi ninazosoma bado ziko katikati ya ngazi huku zikidai ziko juu.

Cha kufanya ni hiki: mnapoandika andiko, ombeni awamu ya maandalizi yenye fedha zake, na acheni fungu ambalo matumizi yake yatapangwa na wakazi. Wafadhili wengi hukubali wakiombwa mwanzoni. Ukiomba baada ya kusaini, utasumbuka. Tena jambo hili si ndoto. Jiji la Porto Alegre nchini Brazil lilianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi, kupitia mabaraza ya maeneo yao, waamue sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya jiji lao, na vitongoji maskini vikapata maji na mitaro ya majitaka vilivyokuwa vimesubiri kwa miaka mingi. Waliamua juu ya fedha. Hapo ndipo pa kupima ushiriki.

2. Karatasi ya mahudhurio haithibitishi ushiriki.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Tulikuwa tunaandaa mfumo wa hadhari ya mafuriko kwenye makazi yaliyo bondeni. Kwa vipimo vya wakati ule kazi ilikuwa safi. Tulichora ramani ya jamii ardhini kwa vijiti na mawe, tukatembea na wakazi kukagua mitaro, tukapanga vipaumbele kwa kulinganisha viwili viwili. Karatasi zetu za mahudhurio zilikuwa na safu ya jinsi, ya umri na ya ulemavu, na safu ya ulemavu haikuwa tupu. Tulilionyesha hilo kwa fahari kwa kila mgeni aliyetutembelea.

Miongoni mwa waliotiwa alama kwenye safu ile walikuwa mume na mke, wote viziwi. Hawakukosa mkutano. Walikaa mstari wa pili upande wa dirishani penye mwanga, na mke alikuwa akiangalia midomo ya mwezeshaji bila kugeuza shingo. Mwezeshaji mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikuwa na mazoea ya kuongea huku naandika, yaani sentensi nzima naimalizia nikiwa nimeelekea kwenye bango kitita na watu nimewapa mgongo. Mkalimani wa lugha ya alama hatukuwa naye. Tulimtegemea binti yao, mtoto wa shule ya msingi, awafasirie alichoelewa. Siku alizokuwa darasani walikaa tu, wakasaini, wakaondoka.

Siku ya uamuzi mkutano ulichagua vipaza sauti juu ya nguzo, na vijana wa kujitolea wenye filimbi. Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Nao walinyoosha, kwa kuwa waliona majirani wote wamenyoosha. Niliandika kwenye muhtasari kwamba hakuna aliyepinga, na ilikuwa kweli.

Mvua kubwa ilikuja usiku, na mfumo ukafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Watu waliamka, wakabeba watoto na nyaraka zao, wakapanda hadi kwenye jengo la shule. Walipoanza kuhesabiana, ile familia haikuwepo. Binti alikuwa amelala kwa bibi yake usiku huo. Aliyewakumbuka ni jirani wa nyumba ya pili, akashuka tena na kijana wake gizani, wakavunja mlango. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Walitoka wote wazima, lakini kwa ajili ya jirani, wala si kwa ajili ya chochote tulichokijenga.

Baadaye tulirudi, safari hii na mkalimani. Yule mama hakutugombeza. Aliuliza tu: kama mlijua hatusikii, kwa nini mlichagua kitu cha kusikia? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Kisha akaonyesha kwa mikono yake kinachohitajika: taa ya kuwakawaka kwenye nguzo zilezile, ikielekea madirishani, majirani wawili walioteuliwa kwa jina kuingia ndani na kuwashtua, na ufunguo wa akiba kukaa kwa jirani. Alimaliza kabla sijapata ukurasa mtupu wa kuandikia. Jibu hilo alikuwa nalo tangu mkutano wa kwanza. Alikaa nalo mbele yetu miezi yote ile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utangulizi wa andiko letu uliutaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu waulizwe maoni na kuhusishwa kwa dhati, kupitia asasi zao, katika maamuzi yanayowagusa. Ibara ya 11 inazungumzia usalama wao wakati wa hatari na majanga ya asili. Tuliunukuu mkataba, halafu hatukuweka malipo ya mkalimani kwenye bajeti.

Kwa hiyo nikikagua kazi yenu siku hizi sianzi na idadi ya waliohudhuria. Naomba nizungumze na mtu mmoja aliyekuwa mkutanoni, hasa yule aliyekaa pembeni, anieleze kwa maneno yake nini kiliamuliwa na kwa nini. Akishindwa, mkutano ule urudiwe. Na kabla hamjaitisha mkutano wowote, jiulizeni ni nani hataweza kusikia, kuona, kufika, kusoma, au kuacha kazi yake saa hiyo, halafu gharama ya kumfikia kila mmoja wao iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

3. Saa ya mkutano ipangwe na wenye majukumu mengi.

Anayelea watoto, anayeuguza, anayelipwa kwa siku: hao ndio wa kuulizwa saa. Ukipanga wewe utapata wazee wenye nafasi na watu wanaopenda mikutano.

4. "Jamii" haina sauti moja.

Kuna mwenye nyumba na kuna mpangaji, na makosa mengi ya kuboresha makazi yanatokea hapo. Mwenye nyumba, ambaye pengine haishi hapo, anafurahia barabara na maji kwa kuwa thamani imepanda. Mpangaji anapandishiwa kodi na kuhama, na mradi unaandika mafanikio kwa watu ambao hawapo tena. Kaeni na wapangaji peke yao, bila wenye nyumba chumbani, kabla ya kikao cha pamoja. Vivyo hivyo kwa wanawake na kwa vijana. Halafu wakutanisheni, maana mkiwaacha kwenye vikundi tofauti, ninyi ndio mtabaki waamuzi.

Someni kilichofanyika Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza eneo lile kuwa la mipango maalumu, na kazi ikawa kupanga makazi yenye kaya zaidi ya laki moja, ambazo nyingi ni za wapangaji. Mkutano mmoja wa hadhara usingetosha hata kidogo. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya, na washirika wake waliwapanga wakazi kuanzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi, vikundi hivyo vikaungana kuwa vikubwa zaidi, na hoja zikapanda kutoka mlangoni hadi kwa wapangaji miji. Inachosha, ninakubali. Lakini kwenye kikundi cha kaya kumi hakuna mstari wa nyuma wa kujifichia, na mama asiyeongea mbele ya umati anaongea mbele ya jirani anayemwazima jiko.

5. Nauli na posho: tangazeni kiwango mapema, kiwe kimoja kwa wote, mmalize.

6. Mkazi ni mtaalamu wa mahali pake, mpeni kazi ya kitaalamu.

Mnawaita wakazi kuchimba mtaro na kubeba mawe, halafu usanifu mnaufanya ofisini. Orangi, makazi yasiyo rasmi jijini Karachi nchini Pakistan, kuanzia mwaka 1980, mambo yalikwenda tofauti. Mtaalamu wa maendeleo ya jamii Akhtar Hameed Khan na wenzake waliwasaidia wakazi wa kila kichochoro kukaa pamoja, kuchanga fedha zao, kuchagua msimamizi wao na kujenga mitaro yao ya majitaka wenyewe. Wataalamu walileta vipimo, ramani na ushauri. Gharama ikawa sehemu ndogo ya zile za serikali, na mitaro ilitunzwa kwa sababu kila nyumba ilijua ni nani alilipia nini. Mitaro mikuu ya nje iliachiwa serikali, na msipuuze jambo hilo. Kuwaweka wakazi katikati hakuna maana ya kuwatwika mzigo wa mamlaka.

Kinyume chake kipo pia. Pampu za bembea zilizoitwa PlayPump zilisambazwa kusini mwa Afrika kwa wazo kwamba watoto wakizungusha bembea, maji yapande tangini. Wazo lilivutia sana watu walio mbali. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilikokotoa kwamba ili kufikia lengo lililotangazwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Wakati huo kwenye vijiji kadhaa pampu za mkono zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa zimeng'olewa kupisha hizo mpya, na wanawake watu wazima wakabaki kuinama na kusukuma bembea. Mama yeyote anayeteka maji angewaambia saa ambayo watoto wako shuleni na saa ambayo ndoo inahitajika. Aulizwe yeye kwanza.

7. Rudini na majibu, hasa ya yaliyokataliwa.

Wakazi wakipendekeza mambo kumi na mradi ukabeba matatu, nendeni mkaeleze yale saba yalikwama wapi na nani mwingine wa kufuatwa. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akiwaogopa wakazi kwa sababu ya orodha hiyo, akawa anapita njia ya nyuma. Nilimpeleka mwenyewe, akaisoma yote. Walimkasirikia kwenye jambo moja, wakamsahihisha kwenye jingine, na mzee mmoja akasema anamfahamu ofisa anayehusika na daraja, wakaenda pamoja. Daraja lile halikuwa letu na lilijengwa.

8. Hesabu za ujenzi zikae kwa wakazi.

Kamati ya mradi ipewe nakala ya mchanganuo wa gharama na ya mkataba wa fundi kabla kazi haijaanza, wala si siku ya makabidhiano. Mpeni kila mjumbe nafasi ya kuuliza mpaka aelewe mfuko mmoja wa saruji unapaswa kutoa matofali mangapi. Mkandarasi hababaishwi na mhandisi anayekuja mara moja kwa mwezi. Anayemweka sawa ni mama anayepita pale kila asubuhi akiyahesabu matofali. Nakala nyingine ibandikwe mahali pasipofungwa kwa kufuli, kwa herufi kubwa, na wakazi wateue wenyewe mtu wa kuwasomea wasiosoma na wa kuwaeleza wasiosikia. Malipo ya mtu huyo yaandikeni kwenye bajeti leo.