Ukienda bustani ya bia Franken, beba chakula chako

Ukialikwa bustani ya bia huko Franken, kaskazini mwa Bavaria, Ujerumani, usile kwanza nyumbani. Funga chakula ubebe. Sisi tuliozoea matangazo ya baa ya "hairuhusiwi kuingia na chakula kutoka nje" huwa tunaona haya, lakini kule ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian I Joseph aliwaruhusu wapika bia wa Munich kuuza bia yao palepale inapohifadhiwa, ila chakula wasiuze zaidi ya mkate. Watu wakawa wanakuja na vikapu vyao.

Mimi hubeba chapati, mishikaki iliyopoa na kachumbari kwenye bakuli lenye mfuniko. Majirani wa mezani hutoa soseji, jibini, figili na kisu cha mkate, na haichukui muda kabla mmoja hajauliza hiyo chapati inapikwaje. Mkatie kipande. Kinywaji ndicho usibebe, hata maji. Hicho kinanunuliwa pale. Na ukikuta meza wenyewe wameshaitandika kitambaa, ipite, kwa kawaida ni ya wanaoagiza chakula cha jikoni kwao. Meza nyingine ni ndefu na za wote: uliza kama pana nafasi, ukae.

Bia yenyewe, Kellerbier, haichujwi. Ina ukungu kidogo, na aliyekulia kwenye mbege hilo halitamshtua. Inaiva kwenye pipa lisilobanwa sana, gesi nyingi inatoka, kwa hiyo usingoje povu la kufurika kwenye kile kikombe cha udongo cha nusu lita. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu: kwa kuwa haijazi tumbo inateremka kama maji, na kilevi chake ni kilekile cha bia ya kawaida, karibu asilimia 5.

Amri ya mwaka 1539 ilikataza kupika bia Bavaria kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwani joto liliiharibu. Ya kunywa kiangazi ikabidi ipikwe mapema na kufichwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa mwambani. Juu yake wakapanda michesinati, yenye majani mapana ya kivuli na mizizi isiyozama sana. Mabenchi yakafuata.

Kwa mara ya kwanza ningekupeleka Kellerwald, msitu wenye bustani za bia huko Forchheim, mji ulio kwenye reli kati ya Nürnberg na Bamberg. Mwishoni mwa Julai kuna sherehe ya Annafest. Kama hupendi msongamano, chagua wiki nyingine. Nenda kwa treni, beba pesa taslimu, na angalia hali ya hewa kabla hujatoka, maana mvua ikinyesha sehemu nyingi hazifungui. Asiyekunywa pombe aagize Apfelschorle, juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi. Hakuna atakayemshangaa.