Boti moja ya roboti ikitekwa, zilizobaki zifanye nini?

SWALI: Tunaunda boti ndogo 12 za roboti zitakazozunguka kwa kundi kati ya Kirumba na Igombe, Ziwa Victoria, zikipima joto la maji na kutafuta magugu maji. Zote zinatumia ufunguo mmoja wa siri kwenye redio. Je, inatosha? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Boti ikinasa kwenye magugu, mtu ataiokota. Akisoma memori yake, amepata ufunguo wa zote 12. Ipeni kila boti ufunguo wake, na boti ikipotea, ufunguo huo ufutwe siku hiyohiyo. Kila ujumbe utiwe saini (alama ya kidijitali inayothibitisha aliyeutuma) na uwe na namba inayopanda, ili amri iliyorekodiwa jana isirudiwe leo. MAVLink 2, lugha ya mawasiliano ya roboti na droni, ina saini, ila haifichi ujumbe na lazima muiwashe wenyewe.

Lakini saini haizuii uongo: boti iliyotekwa inasema uongo kwa saini halali. Hapa ndipo kundi la roboti linaweza kuangukia. Mwaka 1982 wanasayansi wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease walionyesha kwamba, bila saini, kuvumilia waongo f (idadi yoyote) kunahitaji wanachama wasiopungua 3f+1. Kwa hesabu hiyo boti 12 zinavumilia waongo 3, iwapo kila moja inasikia zote. Ziwani redio hufifia kwa umbali, basi hesabuni majirani wanaosikika kweli. Boti inapotafuta wastani na majirani, itupe kwanza thamani za juu kabisa na za chini kabisa.

Jambo linalonigusa zaidi ni wavuvi. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa hutanda ziwani na nyavu zimeshushwa. Programu ndogo, iliyotengwa na ile ya kundi, ndiyo ishike mota na iwe na neno la mwisho: mpaka wa eneo, mwendo karibu na chombo, chaji ya betri. Amri ya kundi isiweze kuipita, hata ikiwa na saini safi. GPS ikiruka ghafla kinyume na dira, boti ipunguze mwendo. Mawasiliano yakikatika, msizirudishe zote sehemu moja, zitagongana. Kila moja iwe na kituo chake.

Kabla ya kuingia majini, fanyeni boti moja iwe mwongo kwa makusudi, muone kundi linavyojibu. Kisha nendeni kwa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) ya kila mwalo mtakaopita. Muwaonyeshe wavuvi swichi nyekundu juu ya boti, inayokata umeme wa mota moja kwa moja bila kupitia programu yoyote.