Nimekariri kamusi hadi herufi C, mbona Kiingereza hakipandi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kidato cha Pili, shule ya kutwa mkoani Singida. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na nilikuwa nafanya vizuri. Sasa nashindwa. Tangu Januari nakariri maneno 20 ya kamusi kila siku, nimefika herufi C, lakini nikilikuta neno hilohilo kitabuni silitambui. Waliotoka ingilishi midiamu wananicheka nikisimama kujibu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Juhudi unayo tele. Kinachokuangusha ni njia.

Kamusi imepangwa kwa herufi ili neno lipatikane upesi, haikupangwa ili kukufundisha. Ndiyo maana 'abbey' na 'abdomen' yamekaa jirani. La kwanza ni makao ya watawa, huenda usilihitaji hadi umalize shule. La pili ni tumbo, na Baiolojia inalitaka sasa hivi.

Mimi nilianza Kidato cha Kwanza mwaka 1987, nikitokea shule ya msingi ya kijijini. Kwenye jaribio moja la Hisabati, kipengele cha pili kilianza na neno 'hence'. Sikulijua. Nikaanza kukokotoa upya tangu mwanzo, kengele ikalia sijamaliza. Kumbe 'hence' pale lilikuwa linaniambia: tumia jibu ulilokwisha kupata. Jibu lenyewe lilikuwa mstari wa juu, kwa mwandiko wangu. Nililia siku ile, na nadhani ndiyo siku niliyoamua kuwa mwalimu wa Kiingereza.

Miaka yangu yote ya kufundisha nimeona jambo hilohilo. Istilahi ngumu haziwaangushi sana watoto, kwa sababu mwalimu huzieleza ubaoni. Yanayowaangusha ni maneno ambayo hakuna anayesimama kuyaeleza: 'although', 'unless', 'whereas', 'except'. Pamoja nayo ni yale yanayotoa amri kwenye mtihani. 'State' ni taja tu. 'Describe' ni eleza jinsi kitu kilivyo. 'Explain' inataka uonyeshe kwa nini au kwa namna gani. 'Distinguish' inataka tofauti, na ukieleza kitu kimoja kisha kingine bila kuvilinganisha, hujajibu. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na kutoelewa swali linataka nini ni sababu inayojirudia humo. Kwa hiyo chukua mitihani iliyopita ya masomo matatu, upigie mstari maneno ya aina hii. Anza na hayo.

Usitupe Kiswahili chako pia. Shule ya msingi ulijifunza usanisinuru. Lipasue: usanisi na nuru. Sasa pasua 'photosynthesis': 'photo' ni nuru, 'synthesis' ni usanisi. Ni neno lilelile, limevaa nguo nyingine. 'Thermometer' nayo ni kipimajoto: 'thermo' joto, 'meter' kupima. Ukishajua 'photo', neno kama 'phototropism' halikutishi tena, maana nusu yake unaifahamu.

Jambo jingine ambalo kamusi haikwambii vizuri ni kwamba neno lina marafiki zake. Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kelele, tunapiga kura. Mwingereza hapigi hata kimoja! Yeye ni 'take a photo', 'make a call', 'iron', 'make noise', 'vote'. Ukikariri kwamba 'piga' ni 'beat' ukaishia hapo, utaandika vichekesho bila kujua. Andika neno pamoja na mwenzake, siku zote.

Kuhusu kusahau, mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akakuta nyingi zinamtoka ndani ya siku moja, lakini akizirudia kwa kuachanisha siku zinakaa zaidi. Maneno 20 ya kamusi yasiyo na sentensi hayana tofauti kubwa na silabi zile. Kata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa karata. Upande mmoja nakili sentensi nzima kutoka kitabu chako cha darasani, ukiacha pengo mahali pa neno. Nyuma andika neno. Sita kwa siku yanatosha. Jiulize kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na usigeuze kipande kabla hujajaribu kukumbuka. Likikushinda, linarudi mwanzo.

Na hao wanaokucheka, usinyamaze kwa ajili yao. Usiku andaa sentensi moja fupi ya somo la kesho, isome kwa sauti mara tano, kesho unyooshe mkono mapema. Wiki ijayo ziwe mbili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa watoto wawili, Morogoro. Nimepiga marufuku Kiswahili nyumbani ili Kiingereza chao kikue. Mke wangu anapinga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkeo, ndugu yangu. Mtoto anayeweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini maji ya sufuria yanapungua jikoni amebakiza kupata neno 'evaporate' tu. Asiyeweza kueleza kwa lugha yoyote ana kazi mbili. Tena mtoto aliyekatazwa lugha yake hunyamaza, na akinyamaza hajifunzi chochote. Ondoa marufuku leo. Badala yake, baada ya chakula cha jioni tenga nusu saa, msome ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti mkipokezana aya. Mkikwama, elezaneni kwa Kiswahili. Na neno likikushinda wewe mwenyewe, fungua kamusi mbele yao.