Kabla hamjafungua boksi la seva mpya

Tangu mfumo endeshi wa seva CentOS 7 uachwe bila huduma tarehe 30 Juni 2024, na programu za seva ya barua pepe Exchange 2016 na 2019 nazo zikafuata 14 Oktoba 2025, kazi za kuhamisha seva za ofisi hapa Kisumu hazikauki. Silalamiki, ndizo zinazonilipia nyumba. Ila nimechoka kupigiwa simu Jumatatu saa mbili asubuhi na kijana aliyehamisha seva Jumamosi, tena kwa kosa lile lile la mwenzake wa Kakamega. Nyote mnapenda boksi. Mnang'oa selotepu, mnapiga picha, mnaweka status. Ile ya zamani iliyo chini ya meza, inayonguruma kwa vumbi, hakuna anayeiinamia. Sasa nisikilizeni, wadogo zangu, maana kazi yenyewe iko kwa hicho kikongwe.

1. Jua nani huongea na seva ya zamani. Usiulize watu, soma logi, daftari ambamo seva yenyewe huandika kila inachofanya. Watu watakwambia, "Hiyo ni ya email tu, bosi." Logi itakuonyesha printa, mashine ya alama za vidole pale mlangoni, kamera, programu ya mishahara, na zote ziliandikiwa anwani ya IP ya seva hiyo, namba yake mtandaoni, kwa mkono na fundi aliyehamia Nairobi zamani. Soma mwezi mzima, maana mishahara huongea mwisho wa mwezi tu. Kuna ofisi moja hapa mjini tulikuta seva ya barua pepe ndiyo pia inayogawa anwani za IP kwa jengo zima, na hakuna aliyejua. Ukiizima hiyo, watu wanaendelea na kazi vizuri mpaka muda wa anwani zao uishe, ndipo wanaanza kudondoka mmoja mmoja, na wewe uko chini ya meza unabadilisha kebo zisizo na kosa.

2. Siku mbili tatu kabla, chukua rekodi ya MX, ile inayosema barua za ofisi ziende seva gani, ushushe TTL yake, yaani sekunde ambazo wengine hushika jibu la zamani, kutoka 86400 hadi 300. Mlifundishwa chuoni. Hamfanyi.

3. Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Juzi nimemkuta mmoja wenu amehamisha kila kitu vizuri kabisa, halafu ya zamani ameiacha ikiwaka, "just in case, mkubwa." Tumbo lilinikaza, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, na aliyelipa si mimi.

Ilikuwa ofisi ya usambazaji, makao Kisumu, tawi Busia. Nilihamisha masanduku yote ya barua kwa programu ya imapsync, nikageuza MX, barua za Gmail zikaanza kuingia upande mpya, bosi akanipa mkono. Ya zamani nikaiacha na anwani yake ile ile, Postfix, programu yake ya barua, ikikimbia. Nikajiambia ni akiba. Lakini hakuna aliyeiambia kwamba imestaafu. Kwenye mydestination yake, orodha ya domeni inazozihesabu zake, domeni ya ofisi, jina lile linalofuata @, ilikuwa bado imekaa, kwa hivyo barua yoyote iliyopitia kwake ikielekea kwa mtu wa ofisi haikuuliza MX wala nini. Iliipokea yenyewe na kuitia kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna tena aliyelifungua. Hakuna ujumbe wa kosa uliorudi kwa mtumaji. Kwa hesabu ya seva, barua imefika.

Fotokopi ya Busia ilikuwa ikituma barua zake kupitia hapo. Kila jioni karani wa kule aliskani delivari noti zilizosainiwa, akazituma kwa mteja na kwa akaunti kwa mkupuo mmoja. Ya mteja ilitoka nje salama. Ya akaunti ilizama. Basi mteja anasema amepata, akaunti wanasema hawajaona kitu, na seva haimjii mtu akilini, kwani si email inafanya kazi? Mama wa akaunti akampigia karani simu, akamwambia asimletee mchezo. Kijana akachapisha ripoti ya mashine, ukurasa mzima wa OK, OK, OK, akaituma na matatu hadi Kisumu. Nikaletewa niitazame. Nikaishika ile karatasi, nikasema mbele ya watu, "OK ya mashine haimaanishi barua imefika." Kitaalamu sikukosea. Lakini ofisi ilisikia fundi amesema karani anadanganya, na akaandikiwa barua ya onyo.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kuizima ile akiba yangu. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi nilipoona taa ya diski inapepesa. Seva isiyo na mtumiaji hata mmoja, inaandika nini? Nikafungua /var/log/maillog. Busia, status=sent. Busia, status=sent. Mpaka jioni ya jana yake.

Kuzipeleka upande mpya hakukuchukua muda. Zikaingia na tarehe zake za zamani, zikajipanga huko chini kabisa ya sanduku, ikabidi niketi na mama wa akaunti tukizichambua moja moja, na hakuniongelesha neno lisilo la kazi. Onyo likafutwa. Busia nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Yule kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ile OK ilikuwa OK?" Nikamwambia ndiyo, ndugu yangu, ilikuwa OK.

Dawa: saa ile ile unayogeuza MX, kwenye seva ya zamani itoe domeni katika mydestination, itie katika relay_domains, orodha ya zile inazozipitisha tu, na transport_maps, ramani ya njia za barua, ielekeze barua zake zote kwa seva mpya. Barua za waliochelewa kuona MX mpya nazo zitafuata njia hiyo hiyo. Kisha jitumie barua ukipitia seva ya zamani, uone inatua wapi. Huo ndio mtihani ambao mnaruka.

4. PTR, rekodi inayotaja jina la anwani ya IP, iko mikononi mwa kampuni ya intaneti, si mwako, kwa hivyo iombe mapema na kwa maandishi. Ongeza IP mpya kwenye SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la ofisi, kabla ya kuhama, maana Gmail tangu Februari 2024 inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua.

5. Kila ofisi ina mzee mmoja wa POP3, njia ya kushusha barua kutoka seva hadi kompyuta. Barua zake haziko kwenye seva, ziko kwenye faili la PST la Outlook ndani ya kompyuta yake, na ukimpangia IMAP, inayosoma barua zikiwa kwenye seva, bila kulitafuta faili hilo atafungua Outlook akute jangwa. Wala msimwage folda ya takataka ya mtu, zinakokaa barua alizofuta, bila kumuuliza. Nakuru nimemwona meneja anayehifadhi mikataba humo, eti kitufe cha kufuta ndicho kilicho karibu. Msicheke. Mfanyie folda, umwonyeshe, na siku ya pili umwonyeshe tena.

6. Msihame wiki yenye tarehe 9 wala 20, kodi za PAYE na VAT zitawakuta njiani na mhasibu hatawasamehe. Msihame jioni za mvua pia. Mnaijua Kisumu, ngurumo moja kutoka ziwani na stima imekwenda. UPS, betri ya akiba, ipimeni kwa kuchomoa plagi kabla seva mpya haijaanza kazi, siyo kwa kusoma kibandiko. Na RAID, diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si bakapu.

7. Logi ya seva ya zamani ikishakaa kimya mwezi mzima, zima. Zima kabisa, chomoa na kebo ya mtandao, kwa sababu kuna mlinzi ataiona imezimika na kuiwasha kwa huruma. Diski zifutwe kabla mashine haijatoka mlangoni. Ndani mna vitambulisho na mishahara ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba mliiuza kama chuma chakavu. Halafu mwandike kwenye rejista ya mali imekwenda wapi, maana mkaguzi atakuja kuiulizia, na atawauliza nyinyi.