Kisigino kinauma asubuhi? Anza na kidole gumba

Kwa miezi minane nilikuwa nikishuka kitandani kwa kushika ukuta. Hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari, hapo hapo chini ya kisigino cha kulia. Nikizunguka zunguka kidogo maumivu yanapoa, nikisimama darasani kwenye sakafu ya saruji hadi saa nane mchana yanarudi. Nilichua, nililoweka mguu kwenye maji ya chumvi, nikameza vidonge. Duka moja la dawa waliniambia ni gauti, nikaacha nyama na maharage bure.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho. Kisigino hakukigusa kwanza. Alishika kidole gumba cha mguu, akakikunja kuja juu, akasema, "Mwalimu, hebu papasa hapa chini ya unyayo." Nikasikia kitu kimekaza kama kamba ya kitanda, na uvungu wa unyayo ukainuka wenyewe. Alipokiachia, kamba ikalegea na unyayo ukashuka.

Kamba hiyo ni utando mgumu unaoanzia kisiginoni hadi kwenye mashina ya vidole. Unyayo una mifupa 26, na 14 kati yake ni ya vidole: gumba miwili, vingine mitatu mitatu. Imepangwa kama tao, ibonyee kidogo unapotua na ikaze unapojisukuma. Kisigino kikinyanyuka vidole vinakunjika, vinavuta utando, tao linasimama imara. Mwaka 1954 mtafiti J. H. Hicks aliufananisha mwendo huo na mtambo wa kuzungushia kamba ya kuinulia mzigo. Utando wangu ulikuwa umechoka pale unaposhikamana na kisigino. Usiku unapumzika ukiwa umelegea, asubuhi uzito wote unauvuta kwa ghafla.

Kwa hiyo usishuke kitandani kabla hujaunyoosha. Kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuja kwako, hesabu hadi kumi, rudia mara kumi. Kisha pitisha kanga chini ya unyayo, nyoosha goti, vuta hadi msuli wa nyuma ya mguu ukaze, maana ukikakamaa nao unaongeza mzigo kwenye unyayo. Jioni nilikuwa nabingirisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya mguu. Ndala zilizolika nilizitupa, hata za kuvaa ndani. Hili watu wengi hulidharau, na kwangu lilisaidia sana.

Wazazi, mtoto wa miaka miwili mwenye unyayo bapa kwa kawaida hana tatizo, uvungu hujitokeza anavyokua. Lakini mguu ukifa ganzi, ukivimba na kuwa wa moto, au una kisukari na umeona kidonda, nenda hospitali leo.

Nilianza mazoezi haya Machi. Asubuhi moja ya Juni nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta.