Usimpulizie chatu maji kabla hujapima hewa ya ndani ya sanduku

Weka chini hiyo chupa ya kupulizia, mkuu. Iweke sasa hivi.

Umeuliza mambo manne: umpulizie maji mara ngapi, utandike nini, alishwe kila baada ya siku ngapi, na kama atakuwa amezoea watu ifikapo Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi Juni. Umesema chatu ni mchanga, ni wa kikundi chenu cha ngoma huko Kisesa, Mwanza, kibali mnacho, sanduku ni la mbao lenye wavu juu. Halafu ukamalizia kwamba kesho unafunika wavu kwa nailoni ili unyevu usitoroke. Nilipofika kwenye nailoni nikaacha kula. Nilifanya hivyohivyo, na nikazika chatu wa mita mbili na nusu.

Alikuwa jike, tukimwita Nyanzala. Nilikuwa nakaa Igombe, karibu na ziwa kiasi kwamba usiku nasikia mitumbwi ya dagaa ikitoka. Kuna jamaa alikuwa akizunguka na nyoka wake kwenye maonyesho, akajitambulisha kuwa mtaalamu, akanitengenezea sanduku na kunipa masharti: chatu ni mtoto wa maji, mloweshe asubuhi na jioni, ziba kila tundu, tandika pumba za mpunga maana zinatunza maji. Akachukua hela yake akaenda. Hakuuliza nakaa wapi, wala hakuangalia ni mwezi gani. Ilikuwa Machi, masika yanaanza, nguo zangu zilikuwa hazikauki kambani siku mbili, na mimi nikawa namwaga maji ndani ya sanduku lililozibwa kwa turubai. Mpaka leo nikimkumbuka yule bwana hasira inanipanda. Angesema tu hajui ningekwenda kuuliza kwingine. Nilimpigia simu mara tatu mnyama alipoanza kuumwa, na mara zote tatu aliniambia niongeze maji.

Wiki ya pili nikasikia harufu kama ya gunia la mchele lililonyeshewa. Pumba za juu zilionekana kavu kabisa. Nikazamisha mkono: chini zilikuwa za moto, zimeshikana kama ugali, zina nyuzi nyeupe za ukungu. Nikamgeuza Nyanzala, tumbo limepiga wekundu.

Hapa soma polepole, maana hapa ndipo nilipomuua. Chatu anayekaribia kujivua gamba tumbo lake huwa la pinki. Hilo nilikuwa nalijua, nikajiambia anajiandaa kujivua, na anayejivua anataka unyevu zaidi. Nikaongeza maji siku tano mfululizo. Pinki ya kujivua huenea tumbo zima sawasawa, na macho yanaingia ukungu wa bluu, kisha yanang'aa tena siku chache kabla gamba halijatoka. Wekundu wa Nyanzala ulikuwa wa mabaka, kando ya magamba mapana ya chini, na macho yake yalikuwa maangavu muda wote. Sikuyaangalia. Siku ya sita nikaona vilengelenge, vingine vimepasuka, gamba limegeuka kahawia kwenye kingo. Huko ni kuoza kwa ngozi, bakteria wanaoshamiri kwenye matandazo machafu yasiyokauka.

Baadaye kifua. Akawa analala ameinua kichwa juu, mdomo wazi kidogo, akipumua unasikia mluzi, na puani mapovu. Nyoka hana kiwambo cha kusukuma pumzi kama sisi, hawezi kukohoa akatoa makohozi, yakijaa yanabaki hukohuko. Daktari wa mifugo aliyekuja alikuwa wa ng'ombe na kuku, lakini aliacha shughuli zake akaja na sindano, namshukuru. Alisema ningemwita wiki mbili nyuma. Nyanzala alikufa alfajiri, na wazee wa kikundi chetu hawakunisemesha mwezi mzima.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii moja, na sitaacha kuirudia kwenye uzi huu: pima kwanza, na anachokilalia kiwe kikavu. Unyevu anaouhitaji chatu ni wa hewa anayovuta. Sakafu ikiloa unamchemshia ugonjwa.

Kipima unyevu usikitafute kwa watu wa nyoka. Nenda kwa wanaouza vifaa vya mashine za kutotolea vifaranga pale mjini, vipo vidogo vya kidijitali vyenye waya, bei yake haizidi hasara uliyo njiani kuipata. Nunua viwili, kimoja upande wa joto, kingine upande wa baridi, usawa wa anapolala, usikining'inize juu darini. Kabla hujakiamini kijaribu: kifuniko cha soda, jaza chumvi, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, weka pamoja na kipima ndani ya kopo lisilopitisha hewa, acha usiku kucha. Lazima kisome karibu na asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kila siku unaongeza 7. Changu cha kwanza kilikuwa kinadanganya hivyo.

Soma saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu joto likishuka hewa ileile inasoma unyevu mkubwa zaidi. Asilimia 50 mpaka 60 inatosha. Akikaribia kujivua, 65 mpaka 70 kwa siku hizo tu. Huku kwetu masika huenda usipulizie hata tone, bakuli la maji linatosha. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, ukiwasha balbu hewa inakauka, na hapo ndipo utaona gamba linatoka vipandevipande badala ya kutoka lote kama soksi.

Hata hapo usiloweshe sanduku. Chukua chungu cha udongo, kilaze ubavu, mdomo wake uwe mpana apite bila kujibana, ndani weka taulo lililoloweshwa likakamuliwa. Chungu kinatoa ubaridi na unyevu taratibu, yeye ataingia na kutoka anapotaka. Taulo lifue kila siku mbili.

Chini tandika magazeti. Maranda usitandike kama huujui mti yaliyotoka. Kila asubuhi bandika karatasi ya chooni kavu pale alipolala, uikandamize kwa kiganja. Ikitoka na alama ya maji, badilisha yote na usipulizie siku hiyo.

Hiyo nailoni irudishe dukani. Kisha mtoe nje mchana, mgeuze kwenye mwanga wa jua, piga picha ya tumbo na nyingine ya macho, uziweke hapa leo kabla ya jioni.